Sturtevant, mtoto wa shamba aliyesoma ukoo wa nzi ndani ya vinasaba

BIASHARA ya matunda ina adui mmoja ambaye hata mchuuzi wa embe moja moja pale stendi anamjua. Ni nzi wa matunda. Embe linaonekana zima, linang'aa, mteja analinunua kwa bei nzuri, akifika nyumbani na kulipasua anakuta funza. Kesho yake harudi kwako.

Mkulima humtambua nzi huyu kwa hasara anayoileta, na huona hilo linatosha. Lakini nchi zinazonunua matunda haziishii hapo. Ofisa wa karantini hataji nzi kwa ujumla katika masharti yake; anataja nzi wa jina fulani. Kwa hiyo swali la kwamba nzi huyu ni nani hasa, na ndugu zake ni akina nani, lina fedha ndani yake, ingawa masikioni mwa wengi linasikika kama swali la wasomi waliokosa kazi.

Siku hizi swali hilo hujibiwa maabara kwa kusoma mfuatano wa vinasaba vya mdudu mwenyewe na kuulinganisha na wa wenzake. Makala haya yanamhusu mtu aliyetengeneza msingi wa kazi hiyo miaka mingi kabla ya mashine za kusoma vinasaba kubuniwa. Aliitwa Alfred Henry Sturtevant, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki dunia mwaka 1970.

Niseme mapema ili msomaji asije akachanganyikiwa. Sturtevant hakufanya kazi na nzi anayedunga maembe. Nzi wake ni yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi na vyombo vya pombe ya kienyeji, ambaye wataalamu humwita Drosophila. Hawa ni wa familia mbili tofauti, ingawa kwa jina la mitaani wote ni nzi wa matunda. Kilichohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni njia ya kuutafuta ukoo.

Farasi wa baba

Sturtevant alizaliwa Novemba 21, 1891 katika mji wa Jacksonville, jimbo la Illinois, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Babu yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Illinois na baadaye akawa mkuu wake. Baba yake alifundisha hisabati chuoni hapo kwa muda, kisha akaacha chaki akashika jembe. Alfred akiwa na miaka saba familia ilihamia kusini mwa jimbo la Alabama, na baba akawa mkulima kamili. Mtoto alisoma katika shule ya kijijini yenye chumba kimoja, kisha akaenda sekondari katika mji wa Mobile.

Shambani kulikuwa na farasi. Kijana akaingiwa na hamu ya kuandika ukoo wao: huyu ni mtoto wa yule, amezaliwa na rangi hii, dume lake lilikuwa la rangi ile. Kwa mfugaji hilo si jambo la ajabu. Mfugaji makini wa ng'ombe wa maziwa ana daftari la namna hiyo, au angalau analo kichwani. Tofauti ni kwamba kijana huyu hakuwa akitafuta bei ya mnada. Alitaka kujua rangi ya mtoto inatoka wapi.

Mwaka 1908, akiwa na miaka 16, aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Alikaa nyumbani kwa kaka yake mkubwa, Edgar, aliyekuwa mwalimu wa lugha za kale. Ni kaka huyo aliyemhimiza asome vitabu kuhusu kanuni za urithi za Mendel, yule mtawa aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri na kuhesabu rangi na maumbo yake kizazi baada ya kizazi. Sturtevant aliposoma akaona kwamba kanuni za njegere zinaweza kueleza rangi za farasi wa baba yake. Akaandika hesabu yake, akaipeleka kwa profesa mmoja pale chuoni, Thomas Hunt Morgan. Profesa hakumdharau kijana. Alimwambia aichapishe, na mwaka 1910 makala hiyo ya rangi za farasi ikatoka katika jarida la kisayansi.

Muda si mrefu baada ya hapo Morgan alimpa meza katika chumba chake cha utafiti.

Chumba cha nzi

Chumba chenyewe kilikuwa na futi 16 kwa 23, na ndani yake zilibanwa meza nane. Nzi walifugwa kwenye chupa za maziwa, na chakula chao kilikuwa ndizi. Unaweza kupata picha ya harufu. Humo ndimo Morgan, Sturtevant, Calvin Bridges na baadaye Hermann Muller walimofanya kazi ambayo wanafunzi wa biolojia duniani kote bado wanaisoma.

Kwa nini nzi, si farasi wala ng'ombe? Hapa mchumi hawezi kunyamaza. Ng'ombe anahitaji zaidi ya miaka miwili kufikia kuzaa, na huzaa ndama mmoja. Nzi huyu, katika joto la nyuzi 25 hivi, humaliza mzunguko wa kizazi kwa takriban siku 10, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Gharama ya kulisha kizazi kizima ni ndizi kadhaa. Mtafiti wa ng'ombe angezeeka kabla ya kuona kile ambacho mtafiti wa nzi anakiona kabla ya mvua za vuli kwisha.

Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba tabia za urithi zinabebwa na jeni, na kwamba jeni ziko kwenye kromosomu, nyuzi ndogo sana zilizomo ndani ya kila chembe hai. Lakini jeni zimekaaje humo? Zimerundikana kama maharage kwenye gunia, au zimejipanga?

Fikiria shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila kiumbe ana nyuzi mbili za kila aina, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mbegu za uzazi zinapotengenezwa, nyuzi hizo mbili hulala sambamba na kubadilishana vipande. Shanga mbili zilizo karibu mara nyingi husafiri pamoja katika kipande kimoja. Zilizo mbali hutenganishwa mara kwa mara.

Mwaka 1911, katika mazungumzo na Morgan, Sturtevant alitambua kwamba jambo hilo linaweza kutumika kama futi ya kupimia. Ukihesabu ni mara ngapi tabia mbili zinatenganishwa kwa watoto, umepata umbali kati ya jeni zake. Alirudi nyumbani na daftari za hesabu za nzi, akaacha kazi zake za darasani, na usiku huo akatumia muda mwingi kuchora. Asubuhi alikuwa na ramani ya kwanza ya kromosomu iliyopata kuchorwa duniani. Ilichapishwa mwaka 1913 ikiwa na jeni sita, miongoni mwake ile ya mwili wa njano, ile ya macho meupe na ile ya mabawa madogo. Alipoichora hakuwa amemaliza hata shahada ya kwanza. Shahada ya udaktari aliipata mwaka 1914.

Shanga zilizogeuzwa

Watu wengi wanaoandika kuhusu Sturtevant huishia kwenye usiku ule. Kwa maoni yangu, kwetu tunaojali wadudu waharibifu, kazi iliyofuata ina uzito zaidi.

Pale chumbani nzi waliitwa kwa jina moja, Drosophila melanogaster. Mwaka 1919 Sturtevant alitangaza kwamba miongoni mwa wale waliodhaniwa ni nzi hao kuna spishi nyingine kabisa, akaipa jina la simulans, yaani anayeigiza. Kwa macho, majike wa aina hizo mbili huwezi kuwatenganisha kwa urahisi. Alama iliyo wazi zaidi ni umbo la viungo vya uzazi vya madume. Lakini ukiwapandanisha siri inafichuka. Jike wa melanogaster akipandwa na dume wa simulans huzaa mabinti tu, nao ni tasa kama nyumbu. Wamefanana kama mapacha, kumbe uzao wao haungani.

Nzi hao wawili, kwa taarifa ya msomaji, asili yao ni Afrika na visiwa vilivyo jirani nayo. Walisafiri na binadamu na matunda yake hadi wakafika New York. Ndugu zao wa karibu walikuja kutambuliwa miaka ya 1970 na 1980 huko Morisi na Shelisheli.

Sturtevant akaanza kuchora ramani ya jeni za simulans na kuilinganisha na ya melanogaster. Mwaka 1921 akaeleza jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Shanga ni zilezile, ila katika kromosomu ya tatu kipande kimoja cha uzi kilikuwa kimekatika pande mbili, kikageuzwa kichwa chini miguu juu, kisha kikaungwa tena. Jeni zilizokuwa zikifuatana kwa mpangilio mmoja kwa nzi huyu, kwa mwenzake zilisomeka kinyume.

Kwa nini hilo lina maana? Kwa sababu kugeuka kwa kipande ni ajali ya nadra. Ajali ikishatokea na mwenye nayo akazaa, watoto na wajukuu huirithi. Ukiwakuta nzi wengi katika mabonde tofauti wakiwa na mgeuko uleule, uliokatika mahali palepale, huwezi kusema kila mmoja aliupata kivyake. Wameurithi kutoka kwa mzazi mmoja wa zamani.

Sturtevant na Dobzhansky

Mwaka 1928 Morgan alihamia Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, na Sturtevant akaenda naye. Katika msafara huo alikuwamo pia Theodosius Dobzhansky, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa amewasili Marekani mwaka uliotangulia kutoka Umoja wa Kisovieti. Wawili hawa walikuwa tofauti kama mchana na usiku. Sturtevant alikuwa mpole, mtu wa kukaa na daftari, aliyefurahia kufumbua fumbo. Dobzhansky alikuwa msemaji, mpanda farasi, mtu wa kwenda milimani kutega nzi.

Mwaka 1933 Theophilus Painter, mtafiti wa Texas, alionyesha kwamba kromosomu zilizo katika tezi za mate za funza wa Drosophila ni kubwa mno, na kwamba chini ya hadubini zina michirizi ya giza na mwanga kama ya kikoi. Kila kipande kina michirizi yake. Sasa mgeuko haukuhitaji tena kutafutwa kwa miezi ya kupandanisha na kuhesabu watoto. Ungeweza kuuona kwa jicho.

Dobzhansky akaleta nzi wa porini, aina ya Drosophila pseudoobscura, kutoka milima na misitu ya magharibi mwa Amerika, na baadaye sehemu mbalimbali kuanzia Kanada hadi Mexico. Katika kromosomu yao ya tatu walikuta mipangilio mingi tofauti, na wakaipa majina ya mahali au ya umbo: Arrowhead, Pikes Peak, Santa Cruz na mingineyo.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo kiini cha makala yote. Chukua namba kwa mpangilio huu: 1 2 3 4 5 6 7 8 9. Geuza kipande cha 3 hadi 6, utapata 1 2 6 5 4 3 7 8 9. Katika mpangilio huo mpya geuza kipande kinachoanzia 4 na kuishia 8, utapata 1 2 6 5 8 7 3 4 9. Sasa jaribu kutoka mpangilio wa kwanza kwenda wa tatu kwa kugeuza mara moja tu. Haiwezekani. Lazima kuna kituo katikati. Kwa hiyo nzi wa kwanza na wa tatu hawana udugu wa moja kwa moja. Anayewaunganisha ni wa pili, hata kama hujawahi kumwona.

Kwa hoja hiyo, mwaka 1936 Sturtevant na Dobzhansky walichapisha ukoo wa mipangilio ya nzi hao, ukionyesha upi umetokana na upi kwa hatua moja moja. Ulikuwa mti wa kwanza wa ukoo wa viumbe kusomwa katika mpangilio wa jeni zenyewe badala ya rangi, manyoya au umbo la bawa. Mahali pamoja palikuwa na pengo. Kati ya mpangilio walioufanya wa kawaida na ule wa Santa Cruz palihitajika kituo ambacho hakuna nzi aliyekuwa amepatikana nacho. Wakakiweka hivyo hivyo kwenye mti, wakakiita cha kukisia. Mhasibu ataelewa. Vocha imepotea, lakini salio la mwanzo na la mwisho vinakuambia lazima malipo yalifanyika.

Mti huo ulikuwa na upungufu mmoja, nao waliujua. Mnyororo wa migeuko unakuambia nani amepakana na nani, lakini haukuambii ulianzia mwisho gani. Unaweza kuusoma kutoka kushoto, kutoka kulia, au kuanzia katikati kwenda pande zote. Ili kujua mzee ni yupi unahitaji ndugu wa nje ya kundi wa kulinganisha naye. Watafiti wa leo wa vinasaba bado wanafanya hivyo hivyo. Hawachori ukoo bila kumweka ndugu wa nje.

Urafiki wa wawili hao haukudumu. Katika miaka iliyofuata walipoa, kila mmoja akashika njia yake, na mwaka 1940 Dobzhansky alirudi Columbia. Ni hasara kwa sayansi, maana mmoja alikuwa na nzi wa milimani na mwingine alikuwa na kichwa cha kuwasoma.

Sturtevant aliendelea na nzi. Mwaka 1941, pamoja na Edward Novitski, alionyesha kwamba ukilinganisha spishi mbalimbali za Drosophila, jeni hubadilishana nafasi ndani ya mkono wa kromosomu lakini kwa kawaida hubaki katika mkono uleule. Mwaka 1942 alitoa mpango mpya wa kuigawa jamii nzima ya Drosophila na kueleza spishi mpya 9. Alikagua mayai, mirija ya tumbo, mifuko ya mbegu, kila kitu, kwa sababu hakuamini kwamba alama moja inayopendeza macho inatosha kuamua udugu.

Kutoka migeuko hadi herufi

Sturtevant alifariki Aprili 5, 1970. Njia za haraka za kusoma vinasaba herufi kwa herufi zilipatikana mwaka 1977. Hata hivyo hoja inayotumika ni ileile yake: kosa la nadra lililorithiwa pamoja ni ushahidi wa mzazi mmoja.

Chukulia vikundi vinne vya kuweka na kukopa, vyote vina katiba. Katika kifungu cha saba cha katiba za vikundi viwili kuna kosa lilelile la tahajia, na wengine wawili hawana. Huna haja ya kuuliza. Hao wawili wamenakili kutoka karatasi moja. Vinasaba navyo ni maandishi ya herufi nne, na kila kizazi hunakili upya. Makosa machache hupita, yakinakiliwa na wajukuu. Anayechora ukoo wa nzi hupanga maandishi yao sambamba, hutafuta makosa yanayoshirikiwa, kisha hutafuta mti unaoyaeleza bila kulazimisha kosa moja litokee mara nyingi. Tahadhari ipo. Kosa la herufi moja, tofauti na mgeuko wa kipande kizima, linaweza kutokea mara mbili kwa bahati, ndiyo maana watafiti husoma maelfu ya herufi na si kumi.

Mwaka 1991 watafiti walisoma sehemu ya vinasaba vya pseudoobscura na kuipima dhidi ya ukoo wa mwaka 1936. Kwa sehemu kubwa vilikubaliana. Mwaka 2000 ulitolewa mfuatano wa vinasaba vya melanogaster, mwaka 2005 wa pseudoobscura, na mwaka 2007 zikalinganishwa spishi 12 kwa pamoja. Jeni zilikuwa zimechanganywa sana ndani ya mikono ya kromosomu, lakini nyingi zimebaki mkono uleule, kama alivyoeleza mwaka 1941.

Sasa turudi kwenye maembe. Mwaka 2003 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu Nairobi, walikuta pwani ya Kenya nzi mgeni akishambulia maembe. Muda mfupi baadaye akaonekana Tanzania, na katika miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Alifanana na nzi wa Asia aitwaye Bactrocera dorsalis, lakini rangi za mgongo hazikulingana sawasawa, na nzi wa namna yake walikuwa wamepatikana Sri Lanka. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens, jina lenye maana ya mvamizi.

Jina hilo likaingia katika orodha za karantini. Mwenye soko aliweza kusema kwamba huyu ni mdudu mpya wa Afrika, hatuna takwimu zake, hatujui joto gani linamuua ndani ya tunda, leteni utafiti kwanza. Utafiti ni miaka na ni fedha, na mkulima mwenye miembe 40 hawezi kuuhimili.

Kesi ilichukua takriban miaka 10. Wataalamu wa nchi mbalimbali, wengi wao chini ya mradi ulioratibiwa na FAO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walipima mabawa, walichunguza harufu ambazo madume huzitumia kuita majike, waliwapandanisha nzi wa Afrika na wa Asia, na walilinganisha mfuatano wa vinasaba vyao. Walipopandana walizaa, na watoto wakazaa. Katika miti ya vinasaba, nzi wa Afrika hawakusimama tawi lao peke yao. Walichanganyikana na wa Asia. Mwaka 2015 ikachapishwa kwamba invadens na dorsalis ni mdudu mmoja, na kwamba wawili wengine waliokuwa na majina yao huko Ufilipino na Malaysia nao ni huyohuyo. Ndugu yao wa karibu, carambolae, aliyefika hadi Amerika Kusini, vinasaba na upandanishaji vilimwacha abaki spishi yake.

Kwa mkulima maana yake ni kwamba ujuzi uliokusanywa Asia na Hawaii kwa miaka mingi kuhusu dorsalis, kuanzia mitego ya methili eujenoli ya kuvuta madume hadi maji ya moto ya kusafishia maembe, unamhusu mdudu aliye shambani kwake. Haina maana kwamba masoko yalifunguka siku ileile. Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi, na ilianza tena mwaka 2021 baada ya kazi ya kuandaa maeneo yenye nzi wachache. Jina sahihi halimwondoi mdudu shambani. Linamwondolea mkulima ubishi usio na mwisho kuhusu dawa na mtego gani umefanyiwa majaribio kwa nani.

Hata Drosophila wenyewe si wapole wote. Mmoja wa jamaa za melanogaster, Drosophila suzukii kutoka Asia ya Mashariki, ana sindano ya kutagia yenye meno kama msumeno, na hutoboa tunda zima linaloiva badala ya kusubiri lioze. Mwaka 2008 aligunduliwa California na kusini mwa Ulaya, na tangu wakati huo ametangazwa kuwa yupo Kenya pia. Wanaolima stroberi na bluberi wafungue macho.

Mtu nje ya maabara

Sturtevant hakupata Tuzo ya Nobel. Ilipewa Morgan mwaka 1933, naye alifanya jambo ambalo mabosi wengi hawalifanyi. Fedha za tuzo alizigawa kwa watoto wake na kwa watoto wa Bridges na wa Sturtevant. Sturtevant alikuwa amemwoa Phoebe Reed mwaka 1922, nao walipata watoto watatu.

Mpole au si mpole, mwaka 1954 alisimama hadharani kupinga maelezo ya viongozi wa tume ya nguvu za atomiki ya nchi yake, waliokuwa wakiwatuliza wananchi kwamba mavumbi ya mabomu ya majaribio hayana madhara. Alieleza kwamba hakuna kiwango cha mionzi kinachojulikana kuwa salama kwa jeni, na kwamba watakaobeba hasara hiyo hawajazaliwa bado. Ilikuwa hesabu ya nzi ikitumiwa kwa binadamu, na haikuwapendeza wakubwa.

Nyumbani alipanda maua ya airisi na kuyazalisha kwa kuchanganya aina, akiandika nani amezaliwa na nani, kama alivyofanya kwa farasi. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha historia ya elimu ya urithi, na muda mfupi kabla ya kifo chake taifa lake likamtunuku Nishani ya Sayansi. Mwanafunzi wake Edward Lewis alipata Nobel mwaka 1995.

Akiba ya nzi waliofugwa Pasadena ilihamishiwa miaka ya 1980 katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana. Huko hadi sasa maabara za dunia huagiza na kulipia nzi kwa posta, wakiwamo wenye macho meupe, wenye mwili wa njano na wenye mabawa madogo, jeni zilezile zilizokuwa kwenye ramani ya mwaka 1913.